Somo: Kuunda kikosi cha kujitolea cha mtaa kabla ya msimu wa moto

Hapa Dodoma mvua hukatika kwa kawaida mwezi Aprili na hazirudi hadi Desemba, kwa hiyo kikosi kinachoundwa Septemba, nyasi zikiwa zimekauka na upepo ukivuma, kimechelewa. Anzeni Mei.

Hatua ya kwanza ni kumwona mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya mtaa na kijiji, na kikosi chenu kinapaswa kuwa chini ya kamati ya mtaa wenu.

Hatua ya pili, ambayo wengi huifanya vibaya, ni orodha. Vijana wenye nguvu hujiandikisha kwa wingi, lakini saa nane mchana, jua na upepo vikiwa vikali, wengi wao wako mjini kazini. Piteni nyumba kwa nyumba mkiuliza nani huwepo saa hiyo, nani ana jembe, reki, madumu au toroli, na nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kutembea. Mara nyingi mtagundua kuwa kikosi chenu halisi ni akina mama, mafundi wa jirani na bodaboda wa kijiweni.

Hatua ya tatu, limeni kinga moto kati ya nyumba na pori mpaka udongo mtupu uonekane. Kufyeka tu hakutoshi, maana nyasi zilizolala chini huupitisha moto.

Mwisho, kubalianeni ishara moja ya filimbi, na kila mmoja aikariri namba 114 ya Zimamoto.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nyumba yetu ni tembe. Tuna haja ya haya yote?*
Paa la udongo halishiki moto kirahisi, ndugu yangu, lakini mabua ya uwele mliyoyaegemeza ukutani yanashika, na boriti zilizochomoza ziko juu yake. Yahamisheni kwanza.

*Tukiukuta moto unakuja, tuuzimie wapi?*
Msisimame mbele yake, wala juu yake mlimani, kwa sababu hupanda kwa kasi. Ingieni kwa ubavuni, migongo yenu ikiwa karibu na eneo lililokwisha kuungua, mkiupiga kwa matawi mabichi na kuusukumia kwenye majivu. Tawi likiinuliwa juu hurusha cheche.

*Jirani huchoma mabaki ya shamba peke yake.*
Mwombeni atoe taarifa siku moja kabla, achome jioni upepo ukitulia, na watu wawili wakeshe naye hadi visiki vipoe.