Namna ya kuzisoma takwimu za kwotabeki wa chuo Marekani

Ukifungua jedwali la kwotabeki yeyote wa chuo, yaani mchezaji wa futiboli ya Marekani anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, macho hukimbilia jumla ya yadi ambazo pasi zake zimeusogeza mpira. Hiyo ndiyo safu ya kuisoma mwisho. Anza na safu ya miaka na ya mechi, kwa sababu bila hizo namba nyingine zote zinaweza kukudanganya.

Kanuni iliyotumika kwa miaka mingi chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inampa mchezaji miaka mitano, na ndani yake acheze misimu minne. Mwaka unaobaki ndio wa redishati: anafanya mazoezi na timu bila msimu huo kuhesabiwa. Tangu 2018 anaruhusiwa kucheza hadi mechi nne na bado abaki na redishati yake. Kwa hiyo ukikuta mwaka wenye mechi tatu na pasi chache, usikimbilie kuuita msimu mbovu. Msimu wa 2020, kwa sababu ya korona, haukukatwa kwa yeyote. Kwotabeki Dillon Gabriel alifikisha misimu sita kwa njia hizo mbili: mwaka wa korona, na mwaka 2021 alipovunjika mtulinga baada ya mechi tatu. Alicheza chuo cha UCF, kisha Oklahoma, kisha Oregon, 2019 hadi 2024.

Hapo ndipo rekodi za maisha yote ya chuo zinapoanza kupungua uzito. Kabla ya 1972 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kuu. Kabla ya 2002 mechi za bowl, zile za mwaliko zinazochezwa mwisho wa msimu, hazikuingizwa kwenye takwimu za msimu. Na Case Keenum wa Houston, mwenye rekodi ya yadi 19,217, alipewa mwaka wa sita baada ya kuumia goti 2010. Ukitaka kuwalinganisha wachezaji wa enzi tofauti, gawanya kila kitu kwa idadi ya mechi, au bora zaidi, kwa idadi ya pasi alizorusha.

Sasa chukua kikokotoo. Alama ya ufanisi ya chuo inapatikana hivi: zidisha yadi za pasi kwa 8.4, ongeza tachidauni za pasi (pasi zilizozaa bao) mara 330, ongeza pasi zilizofika mara 100, toa pasi zilizonaswa na wapinzani mara 200, kisha gawanya jibu kwa pasi zote alizorusha.

Jaribu na Joe Burrow, msimu wa 2019 akiwa chuo cha LSU. Alirusha pasi 527, zikafika 402, yadi 5,671, tachidauni 60, zikanaswa 6. Yadi zinatoa 47,636.4, tachidauni 19,800, pasi zilizofika 40,200, na unatoa 1,200. Jumla ni 106,436.4, ukigawanya kwa 527 unapata 202.0. Mwaka mmoja kabla, chuo kilekile: pasi 379, zilizofika 219, yadi 2,894, tachidauni 16, zilizonaswa 5. Alama ni 133.2.

Usiilinganishe alama hii na ile ya NFL, ligi ya kulipwa, ambayo ukomo wake ni 158.3. Ya chuo ilipangwa ili wastani wa miaka ya 1965 hadi 1978 uwe 100, na kinadharia inaweza kufika 1,261.6. Ndiyo maana mpokeaji (mchezaji ambaye kazi yake ni kudaka pasi) aliyerusha pasi moja ya hila ikazaa tachidauni anaonekana kumshinda kwotabeki wake. Puuza yeyote ambaye hafikishi wastani wa pasi 15 kwa mechi.

Udhaifu wa alama hiyo ni kwamba inazituza mno pasi fupi: kila pasi inayofika ina pointi 100 hata isiposogeza mpira. Kipimo ninachokiamini zaidi ni yadi zilizorekebishwa kwa kila pasi. Chukua yadi, ongeza 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila iliyonaswa, gawanya kwa pasi zote. Burrow wa 2018 anapata 7.9, wa 2019 anapata 12.5.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye safu ya kukimbia. Katika chuo, kwotabeki akiangushwa kabla hajarusha, yadi alizopoteza zinahesabiwa kama mbio zake. NFL huzitoa kwenye yadi za pasi za timu. Mtu aliyekimbia mara 5 kwa yadi 40, akaangushwa mara 4 kwa hasara ya yadi 28, ataandikiwa mbio 9, yadi 12, nawe utadhani hana miguu. Tafuta takwimu za kuangushwa, zirudishe, ndipo umhukumu.

Mitego midogo ipo pia. Mpira uliobamizwa chini kusimamisha saa ni pasi isiyofika. Uliodondoshwa na mpokeaji vilevile, na uliomponyoka mikononi ukadakwa na adui unaandikwa kwa mrushaji. Mpira uliosukumwa mbele nusu yadi kwa mchezaji anayepita mbio ni pasi kamili, na mbio zake zote zinakuwa yadi za kwotabeki. Muda wa nyongeza nao unahesabiwa, huku kila timu ikianzia yadi 25 tu kutoka mstari wa lango katika nyongeza mbili za kwanza; tangu 2021, kuanzia ya tatu ni majaribio ya pointi mbili tu. LSU na Texas A&M walimaliza 72–74 mwaka 2018, chini ya kanuni ya zamani, baada ya nyongeza saba; mechi kama hiyo ilivimbisha tachidauni za msimu. Pasi za kutafuta pointi mbili baada ya tachidauni hazihesabiwi kabisa.

Kisha uliza nani walikuwa karibu naye. Burrow hakubadilika peke yake. Mwaka 2019 kocha Joe Brady alitoka New Orleans Saints ya NFL akaja kusimamia mchezo wa pasi, safu ya mbele ya LSU, ile inayomkinga kwotabeki, ikashinda tuzo ya Joe Moore ya safu bora, na wapokeaji Ja'Marr Chase na Justin Jefferson wakafunga tachidauni 20 na 18. Andika kando ya kila msimu jina la kocha wa mashambulizi; kocha akibadilika, chora mstari na usiuunganishe msimu huo na uliopita. Fanya hivyohivyo kwa uhamisho. Mechi dhidi ya timu za FCS, daraja lililo chini ya FBS ambalo ndilo la juu kabisa la vyuo, zitenge kabla ya kutafuta wastani.

Jumla ya yadi sasa unaweza kuitazama. Rekodi ya msimu mmoja ya FBS ni ya Bailey Zappe wa Western Kentucky, 2021: yadi 5,967 na tachidauni 62, zote juu ya Burrow. Lakini alirusha pasi 686, zaidi kwa 159. Kwa kila pasi ni yadi 8.7 dhidi ya 10.8, na alama yake ni 168.9. Kwenye drafti, ambako timu za NFL huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, Burrow alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2020. Zappe alichukuliwa raundi ya nne mwaka 2022.