Jinsi ya Kumtunza Nyumbani Mtoto Ambaye Figo Zake Zinavujisha Protini

Mtoto wa miaka miwili hadi sita anayeamka asubuhi akiwa amevimba macho, kisha uvimbe ukashuka miguuni kadiri siku inavyoendelea, mara nyingi hupewa dawa ya mzio wa macho, au hudhaniwa ana utapiamlo au minyoo, na wiki kadhaa hupita kabla ya mtu yeyote kumpima mkojo. Mkojo ukishapimwa na kuonekana umejaa protini, na damu ikaonyesha kwamba albumini, protini kuu ya damu, imeshuka, madaktari huuita ugonjwa huo nefrotiki. Mwongozo huu ni kwa mzazi au mlezi ambaye mtoto wake ameshapata jibu hilo hospitalini, akaanzishiwa dawa, na sasa amerudi naye nyumbani, mahali ambapo sehemu kubwa ya matibabu hufanyika.

Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Kichujio kikiwa kizima, hupitisha maji na takataka za damu na kuzuia protini. Katika aina inayowapata watoto wengi, vijiguu vya seli zinazofunika kuta za vichujio husinyaa na kujibana, badiliko dogo kiasi kwamba huonekana kwa darubini ya elektroni tu, na albumini huanza kupotea kwenye mkojo. Albumini ndiyo inayosaidia kuyashikilia maji ndani ya mishipa ya damu, kwa hiyo ikipungua, na figo nazo zikizidi kubakiza chumvi, maji hujaa chini ya ngozi na tumboni. Pamoja nayo hupotea kinga za mwili dhidi ya vimelea, na protini zinazozuia damu kuganda ovyo. Mzazi akiyashika haya, ataelewa kwa nini daktari anahofia homa na maumivu ya tumbo kuliko uvimbe wenyewe.

Kupima mkojo kila asubuhi

Jambo ambalo ningemsihi kila mzazi alishike kabla ya mengine yote ni upimaji wa mkojo nyumbani. Ugonjwa huu hurudi: watoto wengi waliopona mara ya kwanza hupata angalau mrudio mmoja, na karibu nusu hurudiwa mara kwa mara. Protini huonekana kwenye mkojo siku kadhaa kabla macho hayajavimba. Mzazi anayepima humfikisha mtoto kliniki akiwa bado anacheza, ilhali asiyepima hugundua pale viatu vinapokataa kuingia, wakati ambapo hatari ya maambukizi na ya damu kuganda imeshaongezeka.

Nunua duka la dawa vijiti vya kupimia mkojo. Vyenye vipimo vingi si lazima, kwani kinachohitajika ni kipimo cha protini. Kinga mkojo wa kwanza wa asubuhi ndani ya kopo safi, kavu, lisilo na mabaki ya sabuni. Mkojo wa asubuhi ndio wa kuaminika, kwa sababu wapo watoto ambao hutoa protini kidogo wakishatembea na kukimbia bila kuwa na ugonjwa wowote. Tumbukiza kijiti na ukitoe papo hapo, kifute ukingoni mwa kopo ili matone yasichanganye rangi, kilaze, kisha subiri sekunde 60 kwa saa na si kwa makisio. Linganisha rangi yake na zile zilizochorwa kwenye chupa ya vijiti, ukiwa kwenye mwanga wa kutosha. Njano ina maana kwamba hakuna protini, na kadiri rangi inavyozidi kuwa ya kijani ndivyo protini ilivyo nyingi, kuanzia dalili hafifu hadi alama moja, mbili, tatu na nne za kujumlisha. Usiguse kile kipande chenye rangi kwa vidole, na funga chupa mara tu unapotoa kijiti, kwa sababu unyevunyevu huviharibu. Anayeishi mwambao, Tanga, Mombasa au Unguja, asiviweke bafuni wala karibu na jiko, na wala visihifadhiwe kwenye friji.

Vijiti vikikosekana, ipo njia ya zamani ambayo bado inafaa. Mkojo usio na mawingu huwekwa kwenye chupa nyembamba ya maabara inayohimili moto, sehemu ya juu ikachemshwa, kisha yakaongezwa matone machache ya siki. Utando mweupe unaobaki baada ya siki ni protini, na ule unaoyeyuka ni madini ya kawaida. Mtu mzima ndiye aifanye kazi hiyo, mbali na watoto.

Andika matokeo kwenye daftari siku hiyohiyo: tarehe, alama ya protini, uzito, kiasi cha dawa, na neno moja kuhusu hali ya mtoto, kama vile mafua, homa au kuhara. Mpime uzito kwa mizani ileile, asubuhi, akishakojoa, akiwa na nguo nyepesi. Mkojo ukiwa hauna protini au una dalili hafifu tu kwa siku tatu mfululizo, ugonjwa umetulia. Ukionyesha alama tatu au zaidi kwa siku tatu mfululizo, umerudi, na unapaswa kuwasiliana na kliniki hata kama mtoto hajavimba. Protini ya siku moja wakati wa mafua inaweza kuondoka yenyewe, ndiyo maana tunahesabu siku tatu. Baada ya miezi ya utulivu, daktari akikubali, unaweza kupima mara mbili au tatu kwa wiki, lakini urudie kupima kila siku pindi mtoto anapopata homa au mafua.

Dawa

Dawa ya kwanza ni prednisoloni, na wazazi wengi hushtushwa na wingi wa vidonge. Mtoto wa kilo 15 anaweza kuandikiwa miligramu 30 kwa siku, yaani vidonge sita vya miligramu 5, na hilo si kosa la mwandishi wa dawa. Kwa kawaida kipimo kamili hutolewa kila siku kwa wiki nne au sita, bila kuzidi miligramu 60, kisha hupunguzwa na kutolewa siku moja na kurukwa siku inayofuata, kwa wiki nne hadi sita. Mpe asubuhi, baada ya uji au chai na kitu cha kutafuna. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, piga simu kliniki uulize kama arudie.

Usiikatishe ghafla, hata uso ukiwa umejaa na majirani wakiuliza. Mwili unaopewa prednisoloni kwa muda mrefu huacha kutengeneza homoni yake unayoihitaji wakati wa ugonjwa au jeraha, na kukatisha ghafla kunaweza kumwangusha mtoto kwa kiasi cha kuhatarisha maisha. Njaa kali, uso wa mviringo, vinyweleo, na hasira zisizo za kawaida hupungua kipimo kinapopungua. Mweleze mtoto mwenyewe, kwa lugha yake, kwamba hasira hizo zinatokana na dawa, na waeleze kaka, dada na bibi zake wasimtanie kwa sura yake. Presha, urefu na macho ni mambo ya kuangaliwa kliniki. Kama hukuuliza kabla ya dawa kuanza, muulize daktari kuhusu kifua kikuu na minyoo, kwa sababu upo mnyoo mmoja katika nchi zetu za joto ambao huongezeka mno kinga inaposhushwa na dawa hii.

Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni kwa homa au maumivu, kwani huziumiza figo. Parasetamoli kwa kipimo cha umri inatosha. Vidonge vya kukojoza visitolewe kwa uamuzi wa nyumbani, kwa kuwa mtoto aliyevimba anaweza kuwa na maji machache ndani ya mishipa yake, na kumkojoza zaidi kukaongeza hatari ya damu kuganda. Iwapo daktari ataandika levamisoli, dawa ya minyoo ambayo pia husaidia kuzuia mrudio, kwa mtoto anayerudiwa mara kwa mara, inunuliwe kwenye duka la dawa za binadamu. Ile ya mbuzi inayouzwa kwenye maduka ya mifugo isitumike.

Chakula

Mambo hapa si mengi. Chumvi ipunguzwe sana wakati wa uvimbe, na uangalifu uende mbali zaidi ya kile kijiko cha mezani: vidonge vya mchuzi, samaki wa chumvi kama ng'onda na papa, soseji na krispi vyote vina chumvi nyingi, na magadi yanayotiwa kwenye maharage au kisamvu nayo huongeza sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya na dania vitaupa mchuzi ladha. Protini aipate kwa kiasi cha kawaida cha umri wake. Mayai mengi ya kurudishia kile kinachopotea hayasaidii, na kumnyima maharage au nyama humdhoofisha. Maji anywe kwa kiu, isipokuwa daktari ameweka kiwango.

Hatari zisizosubiri asubuhi

Homa pamoja na maumivu ya tumbo kwa mtoto aliyevimba ni dharura, kwa sababu bakteria wanaweza kuwa wameingia kwenye maji ya tumboni, na prednisoloni huficha ukali wa dalili. Mpeleke hospitali usiku huohuo. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, akipumua kwa shida, akiumwa kichwa vikali, akipata degedege, au mkojo ukikaribia kukoma. Mkojo wenye rangi ya chai kavu au ya soda nyeusi, hasa wiki chache baada ya koo kuuma au vidonda vya usaha kwenye ngozi, huashiria ugonjwa mwingine wa vichujio, unaopandisha presha haraka na wenye matibabu tofauti.

Tetekuwanga ikiingia shuleni au nyumbani, toa taarifa kliniki siku hiyohiyo, kwa kuwa kinga dhidi yake hufaa ikitolewa mapema. Chanjo ya nimonia ni muhimu sana kwa watoto hawa. Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua, huahirishwa wakati wa vipimo vikubwa vya prednisoloni, hivyo muoneshe mhudumu wa chanjo daftari lako kabla ya sindano.

Wengi wa watoto hawa huitikia prednisoloni ndani ya wiki nne hadi sita, na figo za wanaoitikia kwa kawaida hubaki na nguvu hadi utu uzima, hata wakirudiwa mara nyingi. Asiyeitikia, au aliyeanza kuugua kabla ya mwaka mmoja au akiwa na zaidi ya miaka 12, huhitaji daktari bingwa wa figo, na pengine kuchukuliwa kipande kidogo cha figo kwa sindano ili kichunguzwe. Usikikatae kipimo hicho kwa hofu, kwa kuwa ndicho kinachoamua dawa inayofuata.

Angalia pia kinachopakwa ngozini nyumbani. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza kuhusu wagonjwa watu wazima waliokuwa wakivujisha protini, na wanawake wengi miongoni mwao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Krimu za namna hiyo bado zinauzwa, na mama anayezitumia humgusa mwanawe kila siku. Ikiwa ipo nyumbani, acheni kuitumia, nanyi ipelekeni pamoja na daftari kwenye kliniki inayofuata ili daktari aione.