Kusoma historia ya alkemia ya ndani ya Watao: mwongozo kwa vikundi vya usomaji vya Bukavu

Neidan ndiyo alkemia ya ndani ya Watao wa China, wafuasi wa mafundisho ya Tao: kazi ya kutafakari na kupumua inayosemwa kwa lugha ya tanuru. Kikundi cha watu watano hadi kumi kinaweza kuifuata historia yake kwa mikutano minne ya saa mbili mbili. Andaeni karatasi kubwa ya kubandika ukutani, daftari la miraba kwa kila mtu, kalamu nyeusi na kalamu nyekundu.

Bukavu ina faida moja juu ya miji mingi: hapa zebaki si neno la kitabuni tu. Mtu aliyeona dhahabu ya Kamituga ikichomwa mpaka zebaki itoke na kuacha dhahabu peke yake, ameona kwa macho jambo lililowashangaza wanaalkemia wa kale. Ila moshi ule ni sumu, na neidan haina hata hatua moja inayodai madini. Asiwepo mtu wa kuleta zebaki mkutanoni "kwa mfano".

Mkutano wa kwanza: tenganisheni tanuru mbili

Anzeni na waidan, alkemia ya nje, yaani kupika madini kwenye tanuru ili kupata dawa ya kutokufa, kwa sababu msamiati umetoka huko. Jiwe jekundu la sinabari ni zebaki iliyoungana na salfa. Likichomwa, zebaki hutoka. Zebaki ikichanganywa tena na salfa na kupashwa moto, wekundu hurudi. Kitu kilichoharibika kikarudi kilivyokuwa: hapo ndipo penye mvuto wote, na ndiyo maana neno "kurudi" litawafuata hadi mwisho. Ge Hong (283–343) aliandika kwa kirefu kuhusu dawa za namna hii. Zilikuwa zikinywewa kweli. Wafalme wa nasaba ya Tang, Muzong (alikufa 824), Wuzong (846) na Xuanzong (859), wanahesabiwa kati ya walioangamizwa nazo.

Wengi hukosea hapa. Husema watu waliona wafalme wanakufa, wakaacha tanuru, wakabuni neidan. Maelezo hayo ni mepesi mno, maana mazoezi ya ndani ni ya zamani zaidi ya vifo hivyo. Sura ya kitabu cha Guanzi iitwayo Neiye, "kazi ya ndani", ni ya karne ya 4 KK. Katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 KK na kufukuliwa mwaka 1973, ilikutwa picha ya watu 44 wakifanya mazoezi ya mwili na pumzi. Tena kati ya 364 na 370 BK, Yang Xi alipokea mafunuo ya Shangqing, tawi mojawapo la Utao, yanayomfundisha mtu kuona kwa mawazo miungu inayokaa ndani ya viungo vyake.

Basi choreni mito mitatu: pumzi, kuiona miungu mwilini, na lugha ya tanuru. Ikutanisheni wakati wa Tang (618–907). Neidan ni pale ilipokutana.

Mkutano wa pili: wino mweusi, wino mwekundu

Kwenye karatasi ya ukutani chora mstari wa wakati. Weusi ni kwa tarehe zenye ushahidi, wekundu kwa zile za mapokeo. Msifute nyekundu. Watao wenyewe waliishi kwa mapokeo hayo, na kuyafuta ni kupoteza nusu ya historia.

Wei Boyang wa karne ya 2, anayetajwa kuwa mwandishi wa Cantong qi, andiko la msingi la alkemia, aandikwe kwa wekundu; maelezo ya Peng Xiao juu ya andiko hilo, mwaka 947, kwa weusi. Zhongli Quan na Lü Dongbin, "wasiokufa" wa mapokeo ya Watao, ni wekundu. Zhang Boduan ni mweusi: katika dibaji ya Wuzhen pian, kitabu chake cha mashairi ya neidan, ya mwaka 1075, anasema alipata mafundisho yake Chengdu mwaka 1069. Wang Chongyang (1113–1170), mwanzilishi wa Quanzhen, tawi la Utao la kaskazini mwa China, ni mweusi, na kadhalika wanafunzi wake saba. Mmoja wao ni mwanamke, Sun Bu'er (1119–1182), ambaye baadaye aliheshimiwa sana katika alkemia ya wanawake. Msimruke.

Mwanafunzi mwingine wa Wang, Qiu Chuji, alifika mbele ya Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia, mwaka 1222 baada ya safari ndefu. Khan alimwuliza ameleta dawa gani ya kuishi milele. Akajibu kwamba njia za kutunza uhai zipo, dawa ya kutokufa haipo. Someni kisa hiki kwa sauti. Kinaonyesha kuliko maelezo yoyote jinsi tanuru ilivyokuwa imehamia ndani ya mtu.

Mtego wa mkutano huu ni tahajia. Vitabu vya Kifaransa vinavyopatikana kwetu, hasa vya zamani, huandika Tchang Po-touan kwa Zhang Boduan, Ko Hong kwa Ge Hong, Tchouang-tseu kwa Zhuangzi (mwanafalsafa wa kale wa Utao), na nei-tan kwa neidan. Kikundi kisipotenga ukurasa wa majina haya, kitamhesabu mtu mmoja mara mbili.

Mkutano wa tatu: Kan na Li

Huu ndio moyo wa jambo, na haueleweki kwa kusikiliza. Kila mtu achore mwenyewe. Kan na Li ni alama mbili za mistari mitatu mitatu kutoka Yijing, kitabu cha kale cha Kichina. Mstari mzima ni yang (nguvu ya mwanga), uliokatika katikati ni yin (nguvu ya kivuli), na mistari huhesabiwa kutoka chini.

Chora Kan: uliokatika, mzima, uliokatika. Hii ni maji, na mwilini ni figo. Kando yake chora Li: mzima, uliokatika, mzima. Hii ni moto, na mwilini ni moyo. Mistari ya katikati ipitishe wino mwekundu. Ule mzima ndani ya Kan unaitwa risasi ya kweli, yaani madini ya risasi. Uliokatika ndani ya Li unaitwa zebaki ya kweli. Sasa mistari hiyo miwili ibadilishane nafasi. Li inakuwa mistari mitatu mizima, Qian, mbingu. Kan inakuwa mitatu iliyokatika, Kun, ardhi. Kazi yote ya neidan imo katika badilishano hilo: kurudisha hali iliyokuwapo kabla yin na yang hazijachanganyika.

Karibu kila kikundi huweka zebaki upande wa maji kwa kuwa inatiririka. Kumbukeni sinabari: zebaki imefichwa ndani ya jiwe jekundu, rangi ya moto. Kwa hiyo ni ya Li.

Vipimo navyo si vya mizani ya duka. "Nane na nane" ni liang (kipimo cha uzito cha Kichina) 8 za yin na 8 za yang, jumla 16, yaani jin moja ya kale, kipimo kikubwa zaidi. Maana yake ni usawa kamili. Ndiyo sababu Wuzhen pian inafunguliwa kwa mashairi 16, kisha yanafuata 64 kwa hesabu ya heksagramu, alama za mistari sita za Yijing. Moto nao una hatua 12, sita za kupanda na sita za kushuka. Kila ya kupanda huhesabiwa 36, kila ya kushuka 24: 36 mara 6 ni 216, 24 mara 6 ni 144, jumla 360, mzunguko wa mwaka. Anayegeuza haya kuwa gramu au dakika amepotea.

Mkutano wa nne: ngazi na picha

Ngazi zipitieni haraka: siku 100 za kujenga msingi, kisha jing (kiini) kuwa qi (pumzi ya uhai), qi kuwa shen (roho), kwa miezi 10 kama mimba, na mwisho shen kurudi katika utupu, miaka 9. Hesabu hizi ni za mafumbo pia.

Muda uliobaki utumieni kwenye Neijing tu (hapa "tu" ni neno la Kichina la picha), picha ya mwili iliyochongwa juu ya jiwe mwaka 1886 katika hekalu la Baiyun Guan, Beijing. Isomeni kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa mvulana na msichana wanakanyaga gurudumu la maji, na maji yanapanda badala ya kushuka. Juu kidogo ng'ombe analima. Uti wa mgongo ni njia yenye vizuizi vitatu, na kichwani ameketi mzee. Kila mmoja aonyeshe kwa kidole mahali pa Kan na mahali pa Li. Akishindwa, mrudi kwenye michoro ya mkutano wa tatu kabla ya kuendelea.