Ombi la hataza la kifaa cha kusogeza lenzi: ya kuweka sawa kabla mkaguzi hajalifungua

Vipande vya kifaa kinachosogeza lenzi ndani ya kamera ya simu vinajulikana siku nyingi: koili, sumaku, springi bapa ya juu na ya chini, kishikilia lenzi, fremu, kitako, kifuniko cha chuma, na mara nyingi kihisi cha Hall kinachopima lenzi imefika wapi. Mkaguzi wa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) hatapata tabu kuonyesha kwamba kila kimoja kimeshachapishwa mahali fulani. Upya, kama upo, umekaa kwenye mpangilio: kipi kiko wapi, kinatazama upande gani, kiko umbali gani na kingine, na hilo linaleta faida gani. Mpangilio huo lazima uwe umeandikwa na kuchorwa siku ombi linapowasilishwa, kwa sababu baadaye hakuna kuongeza. Kifungu cha 123(2) cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya kinakataza marekebisho yanayovuka yaliyomo kwenye ombi la awali, na wakaguzi wa huko hukisoma kwa ukali kuliko wengi wanavyotarajia. Marekani nayo, Japani na China zina makatazo ya namna hiyo.

Anza na utafutaji, na usitafute kwa maneno peke yake. Kishikilia lenzi kina majina mengi kama kuna waandishi wengi, na sehemu kubwa ya nyaraka za fani hii imeandikwa Kijapani, Kikorea na Kichina. Alama za uainishaji wa kimataifa hazijali lugha. Kwa lenzi inayosogea ili kulenga, pita G02B 7/04, 7/08 na 7/09; kwa utulizaji wa picha (kuzuia picha isiharibiwe na mtikisiko wa mkono), G02B 27/64 na G03B 5/00; kwa ulengaji unaoendeshwa na injini, G03B 3/10 na 13/36; kwa injini za koili zenyewe, H02K 41/035. Kama kifaa chako kinatumia fuwele za piezo, zinazobadilika umbo zikipewa umeme, ongeza H02N 2. Kama kinatumia nyaya za aloi inayokumbuka umbo, F03G 7/06. Moduli za kamera za kielektroniki zilikuwa H04N 5/225, na tangu 2023 zimehamishiwa H04N 23. Tafuta kwa alama zote mbili, la sivyo utakosa nyaraka za upande mmoja. Usizidharau hati za uvumbuzi mdogo za China, zinazotolewa bila ukaguzi wa kina. Zikichapishwa kabla ya tarehe yako, zinakupinga sawa na hataza yoyote.

Unapozisoma nyaraka hizo, angalia michoro kabla ya madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kinacholindwa. Mkaguzi anaweza kutumia kitu kilichochorwa tu, hata kama mwandishi hakukitaja kwa neno moja. Kitu asichoweza kufanya ni kupima kwa rula mchoro usiosema umechorwa kwa kipimo, kisha akadai pengo lilikuwa milimita kadhaa. Kinga hiyo inakata pande zote mbili: na wewe pia hutaweza kutoa namba kwenye mchoro wako baadaye.

Sababu na matokeo, kwa namba

Hapa ndipo maombi mengi ya vifaa hivi hudhoofika. Mwandishi anasema mpangilio wake "unaboresha uthabiti" na kuishia hapo. Mkaguzi wa Ulaya huanza kwa kuuliza tofauti kati ya dai na waraka uliotangulia unaofanana nalo zaidi inaleta matokeo gani ya kiufundi. Asipoyaona, anaichukulia tofauti hiyo kama njia mbadala tu ya kufanya jambo lilelile, na njia mbadala ni rahisi kuikataa kwamba ni dhahiri kwa fundi wa kawaida.

Kwa hiyo weka hesabu. Nguvu ya koili ni zao la uga wa sumaku, mkondo wa umeme na urefu wa waya ulio ndani ya uga huo. Chukua mfano: uga wa tesla 0.2, mkondo wa miliampia 80 na waya wa jumla ya mita 0.5 hutoa milinyutoni 8. Springi zenye ugumu wa nyutoni 20 kwa mita zikivutwa milimita 0.3 zinadai milinyutoni 6. Lenzi na kishikilia chake vikiwa na gramu 0.1, uzito wao unakula takriban milinyutoni 1 kamera ikitazama juu. Akiba iliyobaki ni milinyutoni 1 hivi, basi. Uzito huohuo, kamera ikigeuzwa itazame chini, unahamisha lenzi karibu milimita 0.1 bila mkondo kuguswa. Msomaji aliyepita kwenye hesabu hiyo hahitaji kubembelezwa aone kwa nini kupunguza pengo kati ya sumaku na koili kuna maana, au kwa nini kihisi cha mahali kinahitajika.

Kila sifa iambatane na tatizo lake. Nyaya nne za pembeni zinazobeba sehemu ya utulizaji wa picha hupinda au kukatika simu ikianguka, kwa hiyo eleza kizuizi kinachogusa kabla waya haujafika kiwango chake cha kunyumbuka, na useme pengo la kizuizi ni dogo kuliko nini. Kihisi cha Hall kikikaa karibu na koili kinasoma uga wa koili pamoja na wa sumaku, na kosa lake hubadilika kila mkondo unapobadilika. Ukikipa sumaku ndogo ya peke yake, sumaku hiyo huvutwa na chuma cha kifuniko na kuinamisha kishikilia, ndiyo maana wabunifu huweka nyingine ya kusawazisha upande wa pili. Kamera mbili zikiwa bega kwa bega, sumaku za moja huvuta za jirani, na hapo kuacha upande mmoja bila sumaku kunakuwa uamuzi wenye sababu. Usipoiandika sababu hiyo, mkaguzi atauona upande mtupu kama kupunguza kipande tu.

Njia za umeme nazo zihesabiwe. Koili ya kulenga inahitaji njia mbili, na kwa kawaida springi ya juu au ya chini hukatwa vipande viwili visivyogusana ili ibebe mkondo wa kwenda na wa kurudi. Kihisi cha Hall kitupu kina ncha nne. Jumla ni sita, na nyaya nne hazitoshi. Chipu yenye kihisi na kiendeshi ndani yake, iliyobandikwa kwenye kishikilia, inarudisha idadi kuwa nne: umeme, ardhi na mbili za mawasiliano. Kama maelezo yako yanaonyesha mpangilio mmoja tu kati ya hiyo, mshindani atatengeneza mwingine, nawe hutakuwa na maneno ya kumfuata.

Vipimo viandikwe kwa ngazi. Pengo la milimita 0.05 hadi 0.30, afadhali 0.10 hadi 0.20, na hasa 0.15. Dai pana likikataliwa, unashuka ngazi moja na bado umesimama kwenye maandishi ya awali. Aliyeandika 0.05 hadi 0.30 peke yake hana ngazi ya kushukia.

Maneno ya madai

Neno "kuelekeana" ni mtego. Kwa mkaguzi, vitu viwili vinaelekeana hata kama kuna kingine katikati yao, isipokuwa umekataza. "Kuunganishwa" kunachukua hata muunganiko wa kupitia kipande cha tatu. "Karibu na" hakuna mpaka. Ukitaka kusema koili na sumaku zinapishana, sema zinapishana zikitazamwa kutoka upande gani: kwa kufuata mhimili wa mwanga, au kwa mwelekeo ulio wima kwa mhimili huo. Kauli hiyo moja ya mwelekeo mara nyingi ndiyo inayotenganisha dai na waraka uliotangulia. Maana ya mhimili wa mwanga, mwelekeo wa kwanza na wa pili iwekwe mwanzoni mwa maelezo, na isibadilike njiani. "Juu" na "chini" ziepuke kwenye dai, kamera hugeuzwa.

Kwa ombi la Marekani kuna tahadhari ya ziada. Dai linalotumia neno la jumla, kama utaratibu, kitengo au moduli, "ya kusogeza lenzi" bila kutaja umbo lolote linaweza kusomwa chini ya kifungu cha 112(f) cha sheria ya hataza ya huko. Hapo linabanwa kwenye miundo iliyoelezwa ndani ya ombi na inayolingana nayo, na maelezo yakiwa hayana muundo huo, dai linaanguka kwa kutoeleweka. Jina la uvumbuzi lenyewe limejaa maneno ya aina hiyo, kwa hiyo ndani ya dai taja koili, sumaku na kilichobeba kila kimoja. Usitaje zaidi ya inavyohitajika: dai la kwanza likisema koili iko kwenye kishikilia, kifaa chenye sumaku kwenye kishikilia na koili kwenye fremu kimekwepa. Andika sehemu inayosogea na sehemu isiyosogea, moja ina koili na nyingine ina sumaku, kisha chaguo la upande liende kwenye madai tegemezi, yale yanayorejea dai jingine na kuliongezea sifa.

Madai tegemezi si mapambo. Kila moja libebe sifa unayoweza kuitetea peke yake, pamoja na sababu yake kwenye maelezo. Ada ya msingi ya Marekani inabeba madai 20, matatu kati yake yakiwa huru, yaani yasiyorejea dai jingine. Ulaya hutoza ziada kuanzia dai la 16. Ombi lenye miundo mitano tofauti linaweza kukutana na agizo la kuchagua mmoja, basi amua mapema upi utauchagua na hakikisha dai huru moja linaikumbatia mingi iwezekanavyo.

Michoro

Mchoro wa vipande vilivyotenganishwa, mkato unaopita kwenye mhimili wa mwanga, mwonekano wa kutoka juu kifuniko kikiwa kimeondolewa, na mchoro wa karibu wa kila sehemu yenye jambo jipya. Hivyo vinne ni vya lazima. Mkato mmoja hautoshi kama upishanaji unaonekana pembeni tu. Ongeza mkato wa pili wa mshazari. Chini ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, unaokuwezesha kuanza na ombi moja kwa nchi nyingi, namba na herufi kwenye michoro zisipungue sentimita 0.32 kwa urefu. Namba ileile isishikwe na vipande viwili, kosa linalopatikana zaidi pale mchoro wa muundo wa pili umenakiliwa kutoka wa kwanza.

Tarehe

Kabla ya kuonyesha kifaa kwa mteja au kwenye maonyesho, wasilisha. Marekani na Japani zinampa mvumbuzi mwaka mmoja wa msamaha, lakini Ulaya kuonyesha huko huuondolea uvumbuzi sifa ya kuwa mpya karibu mara moja. Kutoka ombi la kwanza una miezi 12 ya kudai kipaumbele nchi nyingine, yaani ombi la huko lihesabiwe kwa tarehe ya lile la kwanza, na kwa njia ya Mkataba wa Ushirikiano una kwa kawaida miezi 30 kabla ya kuingia nchi moja moja. Ukaguzi wenyewe hauanzi kila mahali bila kuombwa: Japani inataka ombi la ukaguzi ndani ya miaka 3 tangu kuwasilisha, China ndani ya miaka 3 tangu tarehe ya kipaumbele, Ulaya ndani ya miezi 6 tangu kutangazwa kwa kuchapishwa kwa ripoti ya utafutaji. Marekani huanza bila kuombwa.

Kampuni inayotoa maombi mengi ya kifaa kimoja ijichunge yenyewe. Ombi lako la mwezi uliopita, ambalo bado halijachapishwa, linaweza kulinyima ombi lako la leo sifa ya kuwa jipya Ulaya na China. Yanayofanana yawasilishwe siku moja, au la pili lidai kipaumbele cha la kwanza ndani ya ile miezi 12.

Barua ya kwanza ya mkaguzi

Muda wa kujibu kwa kawaida ni miezi 3 Marekani, unaoongezwa kwa ada hadi 6, na miezi 4 Ulaya na China. Haitoshi kama unaanza kumtafuta mhandisi siku barua inapofika, naye ameshahamia mradi mwingine. Tengeneza mapema jedwali lenye safu nne: sifa ya dai, aya inayoibeba, mchoro unaoionyesha, na faida yake. Weka safu ya tano tupu kwa ajili ya waraka wa mkaguzi. Barua ikija, jaza safu hiyo kwa kusoma waraka wenyewe, si muhtasari wa mkaguzi, kwa sababu mara kwa mara namba ya kipande aliyoitaja ni ya fremu isiyosogea ilhali dai linasema kishikilia.

Akiunganisha nyaraka mbili, angalia kama muunganiko unafanya kazi. Springi ya waraka mmoja ikiwekwa kwenye kifaa cha mwingine chenye reli na vigololi, huenda haina nafasi wala kazi, maana vigololi vimeshaiongoza lenzi. Hoja ya aina hiyo, yenye namba ya mchoro na sababu ya kimakanika, ina uzito kuliko kurasa za kusema fundi asingefikiria. Marekani una pia nafasi ya kuzungumza na mkaguzi kwa simu au video. Siku hiyo uwe na mchoro wa mkato wa rangi mbili, sehemu inayosogea kwa rangi moja na isiyosogea kwa nyingine, na dai lililorekebishwa limeshatumwa kwake kabla ya mazungumzo.