Seliaki Kisumu: ngano itoke, damu irudi

Usiache chapati kabla ya kupimwa. Seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huharibu utumbo mtu akila gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kipimo chake cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa hutoa akila gluteni. Ukiiacha mapema zinapungua, na majibu yanaweza kusema huna kitu.

Ukithibitishiwa, ngano, shayiri na rai zinatoka sahanini kwako maisha yote. Sisi huku hatuna sababu ya kulia: ugali wa mahindi, wimbi, mtama, wali, mihogo na ndengu havina gluteni. Shida iko kwenye kisiagi. Mashine iliyosaga ngano ya jirani asubuhi itakuachia ya kukuumiza mchana. Mimi hununua wimbi la punje soko la Kibuye, nalichambua, naliosha na kulianika, kisha nalipeleka kwa mwenye kisiagi asiyesaga ngano kabisa. Unga wa uji wa pakiti siununui bila kusoma umechanganywa na nini. Chipsi za kibandani, uliza kama mafuta hayohayo yamekaanga mandazi. Soseji mara nyingi zina ngano, bia ya kawaida ni shayiri. Hata hostia, mkate wa komunyo kanisani, ni ngano, kwa hiyo zungumza na padri mapema. Kupokea divai peke yake kunaruhusiwa. Kwangu chapati za watoto zina kikaango chao, na mwiko wao pia.

Sasa damu. Gluteni huharibu ukuta wa utumbo mwembamba, pale chakula kinapofyonzwa, ndiyo maana mtu anakula vizuri na bado anaishiwa chuma, foliki, B12, vitamini D, kalsiamu na zinki. Mwombe daktari avipime, usikisie. Upungufu ukiwa mkubwa, mboga peke yake haitoshi. Meza dawa ulizoandikiwa.

Vidonge vya chuma viweke mbali na chai na maziwa, angalau saa mbili. Najua, kwetu chai haina saa! Omena (dagaa) mzima na mifupa yake anakupa kalsiamu, chuma na B12 kwa pamoja. Kamulia limau, chuma kifyonzwe vizuri. Osuga (mnavu) ina foliki. Uji wa wimbi uchachushe kwanza, kwani kuchacha hupunguza vinavyozuia chuma kuingia mwilini. Maziwa yakikuvuruga tumbo miezi ya mwanzo, yapumzishe. Wengi huyarudia utumbo ukipona.

Rudia vipimo kila daktari akikuita. Watoto na ndugu wa damu nao wapimwe, hata asiyelalamika tumbo: wengine dalili yao ni upungufu wa damu tu.