Popo wa Pemba baada ya ibada: namna ya kuongoza mazungumzo ya sayansi na imani

Mazungumzo ya sayansi na imani huharibika mapema, aghalabu dakika kumi za mwanzo, na si lazima iwe kwa sababu watu hawaijui sayansi. Huharibika kwa kuwa mmoja amekuja kumtetea Mungu na mwingine amekuja kuonyesha shule aliyosoma. Kanisa lina dawa ya hilo na huitumia kila Jumapili bila kuiita dawa: toba, kusikiliza masomo, kukiri imani, maombezi, amani, kutumwa. Panga mazungumzo kwa mfuatano huohuo, wala usiruke toba.

Kusanya watu 8 hadi 12. Wakizidi hapo wazee watasema na vijana watatazama simu. Kwa ibada inayoisha saa nne asubuhi, kaeni saa nne na nusu hadi saa sita kasoro robo. Dakika 75 zinatosha, na jirani Mwislamu mliyemwalika atawahi sala ya adhuhuri bila kuondoka katikati ya hoja. Mwezi wa Ramadhani msiweke chai barazani. Keti mviringo, pasiwe na meza ya mbele, na tafuta ubao au karatasi kubwa moja.

Swali liwe dogo na liwe la hapa. "Je, sayansi na Biblia vinapingana?" ni swali la kugombana tu. Kikundi kipya kianze na bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana) na maji mafu (siku za kujaa na kupwa kidogo). Maji hujaa takriban kila baada ya saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kujaa kwa kesho huchelewa kama dakika 50. Bamvua huja karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu, mvuto wa jua unapoungana na wa mwezi. Haya mvuvi wa Nungwi na mama wa mwani wa Paje wanayajua miilini mwao, na bado wanamshukuru Mungu kwa samaki na kwa mavuno. Hapo kikundi kinajionea, bila mtu kukasirika, kwamba kuijua sababu hakujamfukuza Mungu baharini. Swali gumu lije kikao cha pili au cha tatu.

Swali gumu linalofaa sana visiwani ni hili: kwa nini popo wa Pemba, yule mkubwa ambaye mbawa zake zikikunjuliwa hukaribia mita 1.6, yuko Pemba tu, ilhali chui aliishi Unguja na si Pemba? (Kima punju wa msitu wa Ngezi, huko Pemba, wasiwachanganye: walipelekwa na watu miaka ya 1970.)

Anzeni na toba, dakika tano. Haina maana ya kuungama dhambi mbele za watu. Hilo lina mahali pake. Kila mmoja ataje jambo moja la sayansi au la Maandiko alilowahi kulisema kwa uhakika, kumbe alikuwa hana hakika. Kiongozi atangulie, na akiri kitu cha kweli, si kosa la kujipamba. Asipotangulia yeye, wengine watasema "mimi sina" na unyenyekevu utakuwa umekufa hapohapo. Mtu aliyekwisha kiri kwamba alikosea hapandishi sauti upesi.

Kisha kimya cha dakika mbili, kwa saa. Marafiki, wale Wakristo waitwao Quakers waliofika Pemba mwaka 1897 na kuweka kituo chao Banani, wanatoka katika desturi ya kukaa kimya pamoja mpaka mtu awe na la kusema. Mara ya kwanza watu watakohoa na kusogeza viti. Waache.

Masomo yako mawili. La kwanza ni la Maandiko: Zaburi 104, au Ayubu 38 na 39, ambako Mungu anamuuliza Ayubu habari za wanyama asiowatawala. La pili ni la kazi ya mikono yake, dakika 15, lisomwe na mwalimu wa baiolojia, bwana misitu au muuguzi. Kama vile hakuna amkatizaye msomaji kanisani, hapa pia asikatizwe mtu. Mifano ya kusomwa siku ya popo: mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, chini ya mita 100, na miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini ya ilivyo sasa kwa takriban mita 120, hivyo Unguja iliungana na bara na wanyama walipita kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Kisiwa kilibaki kisiwa. Popo wa jamii hii hawapatikani bara ya Afrika. Jamaa zao wako Komoro, Madagaska, Ushelisheli na Asia. Basi wazee wa popo huyu walipita juu ya bahari, na vizazi vyao vikabadilika wakiwa peke yao.

Kabla ya kujibu, kila mzungumzaji arudie kwa maneno yake alichosema aliyemtangulia, mpaka huyo akubali: "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Inachosha, na ndiyo kazi yenyewe, Mithali 18:13 inamwita mjinga anayejibu kabla hajasikia. Ubaoni chora safu tatu: tunajua, tunadhani, hatujui. Muumini asione haya kuandika katika safu ya tatu, na mwanasayansi pia.

Kanuni ya Imani ya Nikea isomwe mjadala unapopamba moto, si mwanzoni. Inamkiri Muumba wa vyote, vinavyoonekana na visivyoonekana. Waulize: imetaja umri wa dunia? Imetaja njia aliyoitumia kuumba popo? Haikutaja. Kwa hiyo anayezisoma siku sita za Mwanzo kama siku za saa 24 na asiyezisoma hivyo wote wamesimama ndani ya imani ileile, na hakuna anayemtoa mwenzake nje. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini, alifundisha mwanzoni mwa karne ya 5 kwamba siku zile si siku za kawaida, zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Darwin kuchapisha kitabu chake cha asili ya viumbe mwaka 1859. Aliwaonya pia Wakristo wanaosema ovyo kuhusu nyota na wanyama mbele ya watu wanaoyajua, kwa maana wanayafanya Maandiko yachekwe.

Makosa mawili yataka kuangaliwa. La kwanza ni kumtumia Mungu kuziba pengo: "sayansi imeshindwa hapa, basi ni Mungu." Siku pengo likizibwa, kijana aliyefundishwa hivyo ataipoteza imani yake. Kinyume chake, kudai sayansi imemthibitisha Mungu, nacho ni kosa. Georges Lemaître, padri Mbelgiji aliyependekeza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, hakufurahi Papa Pius XII alipozungumza mwaka 1951 kana kwamba elimu hiyo imethibitisha uumbaji. Mwache Mungu awe Mungu, na kipimo kiwe kipimo.

La pili ni la kwetu hasa: "Kitabu chetu kilishasema haya zamani." Jirani Mwislamu atajibu kwa aya, Mkristo kwa mstari, na baraza limegeuka muhadhara. Kiongozi arudishe watu ubaoni: popo yuko safu gani?

Wapo wanaosema sayansi huuliza vipi na imani huuliza kwa nini, basi hazikutani. Inasaidia kwa bamvua. Haitoshi kwa ufufuo, ambao Wakristo wanasema ulitokea kweli, kaburini, siku ya tatu. Usiwauzie watu amani ya bei rahisi.

Maombezi yawe mafupi: wakulima wa mwani ambao bahari yenye joto inawaharibia mazao, wauguzi, wanafunzi wa mitihani. Msiruhusu mtu amjibu mwenzake kwa sala, "Bwana, mfungue macho ndugu yetu…" Huo ni ubishi wa macho yaliyofumbwa, na kiongozi ana haki ya kuukatiza kwa upole kwa "Amina."

Waliobishana zaidi ndio wapeane amani kwanza. Kwa mgeni asiyeshikana mkono na jinsia nyingine, mkono kifuani unatosha.

Mwisho ni kutumwa. Ndani ya wiki mbili kila mtu alete jambo moja aliloliona mwenyewe: popo wa Kidike, huko Pemba, wanakula matunda gani, maji yalijaa saa ngapi siku nne mfululizo. Safu ya "hatujui" inakiliwa daftarini, na kikao kijacho kinafunguliwa kwa kuisoma.