Shuka likijikunja kwenye rola liache lipite

Kwenye dobi kubwa, mashine ninayoiogopa kuliko zote ni ile ya rola ya kunyooshea mashuka. Shuka linaingia kona imejikunja, unanyoosha vidole haraka uikunjue kabla haijafika kwenye rola, kitambaa kinavutwa na vidole vinaenda nacho, na rola ina joto linaloweza kupita nyuzi 150 kwahiyo inakubana huku inakuunguza. Likijikunja liache lipite jamani, utalirudia.

Ile baa ya kukinga vidole iliyo mbele ya rola ijaribu kila unapoanza shifti, rola ikiwa bado ya baridi, isukume kwa kijiti na mashine isimame palepale. Isiposimama usianze kazi, ita fundi. Na mtu asiifunge kwa waya eti inachelewesha kazi!

Nguo ikinasa ndani kitufe chekundu cha kusimamisha mashine peke yake hakitoshi, maana mwenzako upande wa pili hakuoni anaweza kuwasha tu. Zima swichi kuu, piga kufuli lako mwenyewe, funguo weka mfukoni, afu jaribu kuwasha uone kama kweli imekufa. Mwaka 2007 kule Tulsa, Marekani, mfanyakazi alikuwa anazibua nguo zilizokwama kwenye konveya, ule mkanda unaobeba nguo, akaangukia ndani ya draya (mashine ya kukaushia) inayozunguka, akafa. Konveya haipandwi, hata kwa dakika moja.

Mashine ya kufulia subiri dramu itulie kabisa, loki ya mlango usiichezee. Pete, mikono mirefu ya shati, kamba ya kitambulisho shingoni, vyote viache nje.

Mwenzako akinaswa, bonyeza chekundu na usimvute. Rola inyanyuliwe kwa ile njia ya dharura ya mkono, na hii kila mtu wa shifti aifanyie mazoezi kabla, sio mnaanza kutafutana huku mwenzenu analia. Akishatoka mvue pete au saa kabla hajavimba, palipoungua pawe chini ya maji ya bomba dakika 20, barafu hapana, dawa ya meno hapana. Halafu hospitali, hata kama ngozi haijachanika, kwasababu nyama ya ndani inaweza kuwa imepondeka na mkono ukaja kuvimba masaa kadhaa baadae.